Barabara Imekubaliwa na Marais. Ardhi Imekubaliwa na Nani?



Kigingi cha mpima ardhi hakina mdomo, lakini husema. Mfugaji akirauka alfajiri akakikuta kimechomekwa katikati ya malisho, ncha yake imepakwa rangi nyekundu, hahitaji kusomewa gazeti rasmi la serikali ili ajue kwamba mahali fulani, katika chumba asichopata kukiona, watu fulani wameketi mbele ya ramani na kukata shauri juu ya ardhi yake. Analouliza ni moja tu: nani alikubali?

Swali hilo ndilo tunalolileta mbele yenu katika toleo hili. Tunalileta kwa sauti, kwa kuwa tumechoshwa na desturi ya kumwita adui wa maendeleo kila raia anayetaka kujua barabara itapita wapi na kwa idhini ya nani. Basi na ieleweke tangu mwanzo: sisi hatupingi barabara. Wamo miongoni mwetu waliosafiri kutoka Moyale hadi Isiolo juu ya malori ya ng'ombe, vumbi likiwajaa kooni, na wanaijua thamani ya lami ya takriban kilomita 500 iliyokamilishwa katika miaka ya 2010. Mgonjwa anayefika hospitalini akiwa hai haulizi siasa ya lami. Tunalolipinga ni barabara kutangulia na haki kufuata nyuma ikichechemea, na pengine isifike kabisa.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Tarehe 2 Machi 2012, viongozi watatu walikutana Lamu: Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Wakazindua mradi uitwao LAPSSET: bandari ya magati 32 katika ghuba ya Manda, barabara kuu, reli, bomba la mafuta, viwanja vya ndege, na miji ya utalii Lamu, Isiolo na Turkana. Njia yenyewe ilipangiwa upana wa mita 500. Juu ya hizo, ukawekwa ukanda wa uchumi wa kilomita 50 kila upande. Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe: hiyo ni kilomita 100 kutoka ukingo hadi ukingo, kuanzia bahari ya Lamu, kupitia Garissa na Isiolo, kisha tawi moja likielekea Marsabit na Moyale, na jingine likielekea Turkana na mpaka wa Sudan Kusini.

Ushirikiano wa nchi jirani ni jambo jema. Sisi tuliosikitika Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na tukashangilia mkataba mpya ulipotiwa saini mwaka 1999, hatuwezi kuwa wa kwanza kulaani ujirani mwema. Lakini walioshirikiana siku ile walishirikiana juu ya nini? Juu ya gati, lami, reli na bomba. Juu ya ardhi iliyo chini ya lami, na ile ya kando yake, na visima vyake, na mikoko yake, na mapito ya mifugo yake, wenyeji hawakuwekewa meza ya kuafikiana. Mapatano yakawa ya wakuu wa dola. Gharama ikawa ya wachungaji na wavuvi.

Wala hatusemi hayo kwa kubahatisha. Baada ya damu kumwagika Mpeketoni mwezi Juni 2014, Serikali yenyewe ilitangaza mwezi uliofuata kwamba ekari 500,000 za ardhi ya Lamu zilikuwa zimegawiwa kampuni 22 kati ya mwaka 2011 na 2012, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru hatimiliki hizo zifutwe. Tazameni vizuri miaka hiyo. Ndiyo miaka bandari ilipokuwa ikiandaliwa na kuzinduliwa. Mvuvi wa Lamu alikuwa bado hajaonyeshwa ramani. Mwenye kampuni alikuwa ameshaisoma, ameikunja, na ameiweka mfukoni pamoja na hatimiliki. Kabla ya trekta la kwanza kunguruma, soko la ardhi lilikuwa limeshafunguliwa na kufungwa.

Huo ndio ugonjwa tunaoushitaki. Ramani ya barabara isiyotangazwa kwa wote ni kibali cha unyakuzi kwa wachache. Anayejua mapema lami itapita wapi anajua pia ni shamba gani la kununua kwa bei ya kutupa, ni afisa gani wa kumwona usiku, na ni kijiji gani cha kukiita ardhi tupu. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilikwisha kutuonyesha jinsi ardhi ya umma, kuanzia misitu na viwanja vya shule hadi hifadhi za barabara, ilivyogawanywa kama njugu za karamu ya siasa. Hatuwezi kusema hatukuonywa.

Tena si mara ya kwanza njia kubwa kutangulia na ardhi kupotea. Waingereza walianza kujenga reli Mombasa mwaka 1896, wakafika ziwani mwaka 1901. Mwaka uliofuata tu, 1902, ikatungwa sheria ya ardhi ya Mfalme ili walowezi wagawiwe mashamba. Mwaka 1904 Wamasai wakaondolewa kwenye malisho ya Bonde la Ufa yaliyopakana na reli, wakasukumwa Laikipia. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwaondoa Laikipia nako. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, waliambiwa kwamba mikataba ile ilikuwa ni mambo ya dola na dola, na kwamba mahakama haina uwezo wa kuyachunguza.

Tunaomba kila mwanasheria anayesoma ukurasa huu aitafakari hukumu hiyo. Mlango uliofungwa mbele ya Wamasai mwaka 1913 ulifungwa kwa kufuli liitwalo mkataba wa dola. Je, tumelivunja kufuli hilo, au tumelipaka rangi mpya na kuliita ushirikiano wa kanda?

Twashukuru kwamba Katiba ya 2010 haikutuacha bila ufunguo. Kifungu cha 10 kinaufanya ushiriki wa wananchi kuwa nguzo ya utawala, wala si hisani ya mkuu wa wilaya. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 40 kinaamuru fidia kamili, ya haki na ya haraka kwa anayenyang'anywa mali kwa manufaa ya umma. Kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, ikiamua kesi ya wenyeji wa Lamu iliyofunguliwa mwaka 2012, ilikubali kwamba wananchi hawakupewa habari wala kushirikishwa ipasavyo, kwamba haki zao za mazingira safi na za utamaduni zilikiukwa, na kwamba tathmini ya kimkakati ya mazingira ilipaswa kuutangulia mradi. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe takriban shilingi bilioni 1.76. Serikali ikakata rufaa. Gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Meli haikungoja fidia.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yetu, maana si unyakuzi pekee unaotutia hofu. Hata kama kila afisa angekuwa mwaminifu kama malaika, bado tungekuwa na shida kubwa: barabara inavuka mipaka, lakini mpango wa ardhi unakomea mpakani.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Barabara kuu ni za Serikali ya Taifa, na vilevile kanuni za jumla za upangaji wa ardhi na uratibu wa mipango ya kaunti. Kila kaunti nayo ina jukumu la kupanga ardhi yake, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inaitaka iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi. Kwenye karatasi, mpangilio huo unapendeza. Lakini fikirini juu ya kaunti mbili zilizopakana katika ukanda huu. Ya kwanza inapanga malisho ya kiangazi hadi kwenye mpaka wake. Ya pili, bila kuuliza jirani, inatenga eneo la viwanda na maegesho ya malori ng'ambo ya mpaka huohuo, hapo hapo mifugo inapopita kwenda mtoni. Hakuna aliyevunja sheria. Kila bunge la kaunti limepiga kura yake kihalali. Ila mvua zikikosa, na kundi la ng'ombe likakuta ua wa seng'enge mahali palipokuwa na njia, vita vitakavyozuka havitaulizia nani alifuata utaratibu.

Ng'ombe hasomi ramani ya kaunti. Mto Ewaso Nyiro hauombi ruhusa kwa gavana ndipo uingie kaunti nyingine. Na ule mzozo wa mpaka kati ya Meru na Isiolo, ambao umezidi kupamba moto kadiri thamani ya ardhi inavyopandishwa na matumaini ya lami na viwanja vya ndege, unatufundisha kwamba barabara mpya inayopita juu ya mpaka usio na maelewano ni sawa na kumwagia petroli kaa la moto.

Vivyo hivyo kati ya nchi na nchi. Huko Moyale, Kenya na Ethiopia zilifungua rasmi mwezi Desemba 2020 kituo cha pamoja cha forodha, ili dereva wa lori akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Jambo jema sana. Lakini Waborana wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, na mifugo yao ilikuwa ikivuka kabla ya forodha kuwapo. Lori limepata ofisi. Ng'ombe na kisima havijapata. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, imeyaacha mambo ya ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Na Ethiopia yenyewe si mwanachama wa Jumuiya hiyo. IGAD, ambayo Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini zote ni wanachama wake, iliandaa itifaki ya uhamaji wa mifugo mwaka 2020. Lakini itifaki isiyochorwa kwenye ramani ya barabara ni wosia usio na shahidi.

Wakubwa watatujibu, nasi tunayajua majibu yao.

Watasema kwanza kwamba kupanga ardhi kwa pamoja kutachelewesha maendeleo. Tunawauliza: ni nini hasa kilichochelewesha maendeleo ya Lamu? Kesi ya miaka sita ilitokana na wananchi kuulizwa, au ilitokana na wao kutoulizwa? Mwenye haraka ya kujenga juu ya ardhi yenye kinyongo hujenga mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tunaujenga kwa mikopo ambayo watoto wetu watailipa.

Watasema pili kwamba upangaji ni kazi ya wataalamu. Sawa, mtaalamu aje na vyombo vyake. Lakini mtaalamu wa Nairobi hajui ni kisima gani huwa cha mwisho kukauka, wala ni mlango gani wa mikoko mvuvi huupitia pepo za kusi zikivuma. Ujuzi huo uko kwa wazee na akina mama, na hauandikwi kwenye ripoti mpaka mtu akae nao chini ya mti na kusikiliza.

Watasema tatu kwamba kaunti zimekwisha kuunda miungano yao, kama Jumuiya ya Kaunti za Pwani na ile ya kaunti za mpakani kaskazini. Tunaiheshimu miungano hiyo. Lakini gavana anayehudhuria mkutano wa muungano Jumatatu anaweza kutia saini Jumanne kinyume cha yale aliyoyakubali, wala hakuna bunge la kaunti litakalomshika kwa hilo. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziamuru serikali zishirikiane na kinaziruhusu kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Mlango uko wazi. Kinachokosekana ni nia ya kuingia.

Wala mtu asituambie kwamba jambo hili haliwezekani. Baada ya mauaji ya mwaka 2012 na 2013 katika delta ya Mto Tana, ambapo wakulima na wafugaji waliuana kwa ajili ya maji na malisho, uliandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta nzima, ukajumuisha maeneo ya kaunti mbili, Tana River na Lamu, na kutolewa mwaka 2015. Vijiji vilihusishwa. Tathmini ya kimkakati ya mazingira ilifanywa sambamba nao. Hatudai kwamba mpango huo umemaliza kila ugomvi. Tunadai kwamba umethibitisha jambo moja: kaunti mbili zinaweza kuketi mbele ya ramani moja. Linalosikitisha ni kwamba ilibidi tuzike watu kwanza.

Tukiwa wakweli, tujisute na sisi wenyewe. Tulipopigania mageuzi katika miaka ya 1990, tuliapa kwamba tukipata katiba mpya na serikali za mashinani, unyakuzi utakoma. Leo baadhi ya waliokuwa nasi mabarabarani, wakipigwa virungu na kunyunyiziwa moshi wa kutoa machozi, wanaketi katika ofisi za kaunti na kugawa viwanja kwa mkono uleule tuliokuwa tukiulaani. Ugatuzi wa madaraka usigeuke ugatuzi wa unyakuzi. Na makanisa yetu nayo yajichunguze: je, hatuna hata kiwanja kimoja tulichokipokea kwa kiongozi siku ya harambee bila kuuliza alikitoa wapi? Tunaihubiri habari ya shamba la Nabothi kila mwaka. Tunamlaani Ahabu kwa kulitamani na Yezebeli kwa kuandika barua za uongo. Ni mara chache tunawataja wale wazee wa mji waliozipokea barua, wakazisoma, wakatii. Unyakuzi hauwezekani bila wazee wa mji.

Kwa hiyo tunadai mambo matano, nayo tunayaandika waziwazi ili asiwepo wa kusema hakuyasikia.

Kwanza, ramani itangulie kigingi. Mchoro wa kila barabara mpya katika ukanda huu utolewe hadharani, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, kabla ya mpima ardhi kushuka garini. Na ugawaji wote wa ardhi ya umma na ya jamii katika kilomita 50 za kila upande usimamishwe mpaka mpango wa pamoja ukamilike.

Pili, kaunti zinazopitiwa na ukanda ziunde kamati ya pamoja chini ya Kifungu cha 189, na mpango wake wa ardhi upitishwe na bunge la kila kaunti baada ya vikao vya wananchi. Hapo mpango utakuwa na nguvu ya kumbana gavana wa leo na wa kesho.

Tatu, ardhi ya jamii isajiliwe kabla ya kutwaliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kwamba ardhi ikitwaliwa kabla ya kusajiliwa, fidia yake itashikwa na serikali ya kaunti kwa amana ya jamii. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaskazini bado haijasajiliwa. Nani asiyejua jinsi fedha za amana zinavyoyeyuka katika nchi hii?

Nne, Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini ziandikiane mapatano juu ya malisho ya kiangazi, visima na mapito ya mifugo yanayokatwa na barabara hizi, na mapatano hayo yaletwe mbele ya Bunge, yajadiliwe mchana, yasifungiwe kabatini kama siri ya dola.

Tano, orodha ya wote wanaomiliki ardhi ndani ya ukanda ichapishwe, pamoja na majina ya watu halisi walio nyuma ya kampuni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomwa na umma ni sawa na kutokuwa na daftari.

Ndugu zetu, madai hayatembei yenyewe. Kila parokia, kila msikiti na kila kikundi cha akina mama katika kaunti hizi kiandike barua moja kwa serikali yake ya kaunti, kikitaja Kifungu cha 35, na kuomba nakala ya mpango wa matumizi ya ardhi. Barua ya mstari mmoja yatosha. Wakijibu, ubao wa matangazo wa kanisa uwe ofisi ya ramani. Wasipojibu, kimya chao ni ushahidi, nasi mawakili tunajua pa kuupeleka. Wazee wawaonyeshe vijana mapito na visima, na vijana wayaandike, kabla ya mgeni kuja na kalamu yake. Jamii ambazo hazijasajili ardhi zisingoje msimu mwingine wa kampeni.

Na siku kigingi kitakapoonekana asubuhi katikati ya malisho, asiking'oe mtu kwa hasira. Hasira ndiyo wanayoingoja, wapate kisa cha kuleta polisi. Mwiteni mpima ardhi kwa heshima, mpeni maji anywe, kisha mumwulize mbele ya mashahidi, na jibu lake mliandike pamoja na tarehe: ramani iko wapi, na nani alikubali?